Bagi la watoto lililotumika: shughulika na breki kwanza, injini itasubiri

Mtu akishapata bagi la watoto lililotumika, kile kigari cha mabomba chenye tairi za kashata na injini nyuma ya kiti, hamu yake ya kwanza ni kuvuta kamba asikie injini inaunguruma. Naielewa hamu hiyo. Hata hivyo, baada ya kulitengeneza la wanangu kuanzia fremu hadi kofia, ushauri wangu ni kwamba hiyo kamba usiiguse kwanza. Injini ya bagi ndogo ni rahisi kuifufua na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Kinachoweza kumuumiza mtoto ni fremu iliyopasuka, usukani uliolegea na breki isiyoshika, na hayo matatu hayapigi kelele yoyote injini ikiwa inaunguruma vizuri.

Kwa hiyo linyanyue juu ya stendi imara, magurudumu yote yaning'inie, kisha lioshe. Usilioshe juu juu. Chukua brashi ngumu na maji ya sabuni, uingie kila kona ambako grisi na udongo vimegandamana, maana nyufa hujificha hapo hapo. Tazama pale mikono ya sasipensheni ya mbele inapoungana na fremu, pale sahani ya injini ilipochomelewa, na chini ya kiti. Ufa wa chuma chenye rangi mara nyingi hauonekani kama ufa, unaonekana kama kistari chembamba cha kutu kinachopita kwenye rangi. Kwenye bagi letu kilikuwepo kimoja pembeni mwa kishikio cha mkono wa chini upande wa kushoto, kifupi kama upana wa ukucha. Nilipopitisha msasa pale, ufa ukaonekana umeendelea chini ya rangi karibu nusu ya mzunguko wa bomba.

Ufa wa namna hiyo usifunikwe kwa kuchomelea juu tu. Toboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee kukimbia, saga mfereji kuufuata, chomelea mpaka ndani, halafu ongeza kipande cha bamba cha pembetatu kugawa mzigo. Kabla ya kuchomelea, ondoa tangi la petroli kabisa, lipeleke mbali, na kama bagi lina betri ichomoe. Kama mkono wako haujazoea kuchomelea, mpe fundi anayechomelea mabomba kila siku. Hapa si mahali pa kujifunzia.

Usukani hauhitaji vifaa vingi. Shika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, mmoja kushoto mwingine kulia, ulitikise. Likicheza, angalia tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, na vichwa vyake vya mpira. Kisha shika juu na chini, utikise tena. Likicheza namna hiyo, ni beringi za gurudumu au kingpini iliyolika, yaani pini ambayo gurudumu hukata kona juu yake. Mwambie mtu ashike usukani bila kuuachia wakati unatikisa, ili uone mchezo unaanzia wapi. Vichwa vya tairodi ni vipuri vidogo, badilisha vyote kwa pamoja. Nati zote za usukani ziwe za kujifunga zenye plastiki ndani, na ziwe mpya, kwa sababu plastiki ile ikishafunguliwa mara kadhaa hupoteza nguvu ya kushika. Palipo na pini ya kupinda, weka mpya, usiinyooshe ya zamani.

Mabagi mengi madogo yana breki nyuma tu. Ikiwa ni ya ukanda unaobana ngoma, itazame kama imelowa mafuta ya cheni. Kitambaa cha ukanda huo kikilowa mafuta hakisafishiki, kinabadilishwa. Ikiwa ni ya diski na mafuta, soma kwenye kifuniko inatumia mafuta ya aina gani kabla hujaongeza chochote, maana ukichanganya DOT, yale mafuta ya breki ya magari, na mafuta ya madini mipira ya ndani itaharibika. Mafuta ya DOT hunyonya unyevu hewani, ndiyo sababu kwenye bagi la zamani huyakuta yamekuwa kahawia. Yatoe yote, weka mapya, toa hewa mpaka pedali iwe ngumu. Halafu muweke mtoto mwenyewe kwenye kiti na umwambie akanyage. Usipime kwa mguu wako wewe mtu mzima. Kama hawezi kufunga gurudumu la nyuma kwa nguvu zake mwenyewe, breki haijawa tayari, hata kama kwako inashika barabara. Mara nyingi suluhisho ni kusogeza kiti mbele au kurefusha pedali.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni jinsi injini hizi zinavyozimwa. Injini ndogo za kamba hujitengenezea umeme wa plagi kwa sumaku iliyo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Swichi ya kuzimia haikati umeme kama ya taa ya nyumbani, bali inaunganisha waya wa koili na chuma cha injini ili umeme uishie hapo, cheche isifike kwenye plagi. Maana yake, waya huo ukikatika au ukichomoka kwa mtikisiko, injini haizimi, itaendelea kuunguruma na swichi haitafanya chochote. Kwa hiyo usiridhike kwamba ukibonyeza inazima. Ifanye izime huku mtu anatikisa waya katika urefu wake wote, kisha ufunge waya huo kwenye fremu kila baada ya kiganja kimoja ili usining'inie. Mimi niliweka swichi mbili: moja nyekundu kubwa mbele ya mtoto, nyingine nyuma juu ya fremu, mahali ambapo mtu mzima anayekimbia nyuma ya bagi anaweza kuipiga kwa kiganja. Zote zinaunganishwa kwenye waya ule ule wa koili. Kati ya maboresho yote niliyofanya, hili lilikuwa na gharama ndogo kuliko yote, na ndilo ningelifanya kwanza kama ningeruhusiwa moja tu.

Pedali ya mafuta nayo uipe muda. Ukiiachia lazima irudi yenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa katikati, umekatwa mwisho kushoto, na umekatwa mwisho kulia. Kebo iliyopita vibaya hubanwa usukani unapokatwa na mafuta yakabaki wazi. Weka springi mbili za kurudisha, moja ikikatika nyingine ibaki. Na chini ya pedali weka bolti ndefu yenye nati ya kufungia, iwe kizuizi. Ukiizungusha juu, pedali haishuki sana na mwendo unapungua, kisha mtoto akizoea unaishusha kidogo kidogo. Mabagi mengine huja nayo tayari, na wauzaji huwa wameishusha mpaka chini.

Hayo yakishakaa sawa, ingia kwenye injini. Kama imekaa muda mrefu, fungua tangi unuse. Petroli iliyolala hunuka kama vanishi, na huacha utando wa kahawia ndani ya kabureta. Mwaga yote, badilisha mpira wa mafuta na filta, kisha fungua bakuli la kabureta. Katikati kuna jeti kuu, kipande kidogo chenye kitundu kinachopimia petroli. Ifungue kwa bisibisi inayokaa vizuri, maana ni shaba laini, kisha iinue kwenye mwanga. Unapaswa kuona kitundu cha duara kamili, chenye kingo safi. Ukiona kimekuwa nusu duara au huoni kitu, ndiyo sababu injini inawaka ukifunga choki na kuzima ukiifungua. Kizibue kwa unywele mmoja wa waya wa shaba na dawa ya kusafishia kabureta. Usitumie sindano ya chuma wala kuchimba, kitundu kikipanuka vipimo vimeharibika. Jeti ndogo ya sailensa, ile ya injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, uisafishe vivyo hivyo, ni nyembamba zaidi na ndiyo huziba kwanza.

Injini nyingi za mabagi haya ni Honda GX200 ya sentimita za ujazo 196, au zilizoigwa kutoka kwake. Hizo hutumia mafuta ya injini kama lita 0.6, aina ya 10W-30, na hazina filta ya mafuta hayo. Uchafu wote unabaki humo humo ukizunguka, kwa hiyo kumwaga mafuta mapema ni lazima: mara ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha usipitilize saa 100. Kwa matumizi ya vumbi na matope mimi humwaga mapema zaidi. Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Mwanya wa valvu upimwe injini ikiwa baridi, milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutolea. Ukiona injini ngumu kuwaka ingawa cheche ipo na mafuta yapo, pima valvu kabla hujaanza kununua kabureta mpya.

Utakutana na watu watakaokushauri utoe kidhibiti cha mzunguko ndani ya injini ili bagi likimbie. Kataa. Kidhibiti hicho huishikilia injini isizidi mizunguko kama 3,600 kwa dakika, na konrodi ya aluminiamu, ule mkono unaosukumwa na pistoni, pamoja na flaiwili ya chuma cha kumimina havikutengenezwa kwa mizunguko mingi zaidi ya hapo. Flaiwili ikipasuka, vipande vyake vinaruka mita moja tu nyuma ya mgongo wa mtoto.

Kama unataka kuboresha, boresha namna nguvu inavyofika kwenye magurudumu. Piga hesabu hii. Sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno la cheni, ina meno 10, ya nyuma 60, tairi ina kipenyo cha sentimita 40. Injini ikizunguka mara 3,600, bagi linaenda kama kilomita 45 kwa saa, mwendo ambao mtoto mdogo hauhitaji kabisa. Lakini tazama upande wa pili: klachi ya kawaida ya mabagi haya hushika karibu na mizunguko 2,000, na kwa meno hayo 2,000 ni kilomita 25 kwa saa. Chini ya hapo klachi inateleza. Mtoto anayeenda polepole kwenye matope, kama unavyomtaka aende, anaiunguza klachi muda wote. Ndiyo sababu mabagi mengi yaliyotumika huja na klachi iliyogeuka rangi ya bluu kwa joto.

Weka sproketi ya nyuma ya meno 72. Mwendo wa juu unashuka hadi kama kilomita 38, klachi inashika mapema kidogo, na bagi linapanda mlima bila kulia. Hakikisha tu sproketi zote mbili na cheni ni za saizi moja: cheni namba 35 ina milimita 9.525 kati ya pini na pini, namba 420 ina 12.7, na hazikubaliani kamwe. Kiungo cha kufungia cheni, upande wake uliozibwa uelekee cheni inakokwenda. Katikati iachie mchezo wa sentimita moja na nusu hivi.

Ukiwa na uwezo zaidi, ondoa klachi kabisa ufunge mfumo wa kapi mbili na mkanda unaobadilisha uwiano wenyewe. Unaotumika sana huanza kwa uwiano wa karibu 2.7, yaani injini inazunguka mara 2.7 kapi ya pili ikizunguka mara moja, kwa hiyo bagi linaondoka taratibu kwa nguvu bila kuunguza kitu. Ukumbuke kwamba mwisho wake hufika 0.9, yaani mwendo wa juu unapanda kidogo. Basi rudi kwenye ile bolti ya pedali uiinue. Na mkanda ufunike vizuri, ukilowa maji unateleza.

Kiti kifungwe mkanda wa pointi nne, na mkanda ushike kwenye fremu, usishike kwenye kiti. Mtoto akishakaa na kofia ngumu kichwani, vuta uzi kutoka chuma cha juu ya kichwa hadi chuma cha mbele. Kofia ikigusa uzi, chuma hicho kiongezwe urefu. Pembeni funga wavu, kwa sababu bagi likilala mtoto hutoa mkono nje kujizuia, bila hata kufikiri. Cheni na ekzosi vifunikwe kwa bamba lenye matundu.

Safari ya kwanza iwe mahali tambarare na wazi. Injini usiiwashe ndani ya banda hata kwa dakika chache, moshi wake una sumu isiyo na harufu. Muache mtoto azunguke bolti ya pedali ikiwa juu kabisa, umfundishe kuzima kabla ya kumfundisha kwenda, na baada ya nusu saa mrudishe. Hapo chukua spana upite nati zote upya: magurudumu, tairodi, sahani ya injini, kiti. Cheni mpya itakuwa imelegea, ikaze. Bolti za injini nazo hulegea kwa mtikisiko wa mwanzo. Baada ya kukaza, piga kila nati mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma, ili kabla ya kila safari mtoto mwenyewe aweze kuzunguka bagi akitazama kama kuna mstari uliokatika.