Muulize alimwambiaje fundi

Ukipata miadi ya kumhoji mbunifu majengo kwa ajili ya makala, omba mkutane kwenye jengo lake, si ofisini. Akisema wiki hii hana nafasi ya kwenda huko, subiri wiki ijayo. Nina miaka kumi na moja nikihoji wabunifu, wa majengo zaidi, wa samani na vitambaa mara chache, na mahojiano niliyofanya ofisini karibu yote yanafanana. Ofisini mtu anaeleza picha. Na kwenye picha hakuna jua la saa saba, hakuna mvua, hakuna mama aliyeanika kanga kwenye reli ya ngazi.

Mbunifu mmoja wa Dar es Salaam, mama wa makamo, alinipeleka kwenye shule aliyoibuni. Tulifika mchana jua likiwa kali. Kabla hata sijawasha kinasa sauti, akachuchumaa kwenye baraza ya darasa, akaweka kiganja sakafuni, akasogea kidogo, akakiweka tena. "Hapa panaunguza, hapa pamepoa. Njoo ushike." Nikashika. Kweli palikuwa na mstari, na mstari wenyewe ulikuwa ukingo wa kivuli cha paa. Akaniambia paa lilitakiwa litoke nje ya ukuta sentimita 120, mwenye mradi akaagiza liishie 90 ili kuokoa mbao na bati. Kengele ilipolia watoto walitoka, wakajipanga wamebanana ukutani, kwenye ule ubaridi uliobaki. Alikuwa akiwatazama huku ameshika kidevu. Zile sentimita 30 zilinipa makala nzima: nani mwenye sauti kwenye mradi, pesa inakatwa wapi kwanza, na yeye anaamini darasa ni kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu swali la "falsafa yako ni ipi?" Sikuliuliza, na tangu siku ile sijaliuliza tena.

Hilo swali la falsafa ndilo linalowaponza wengi wanaoanza. Wabunifu wetu wengi wamesomea kazi hii kwa Kiingereza, na wale wa Kongo na Burundi kwa Kifaransa. Ukiwauliza jambo kubwa wanakujibu kwa maneno makubwa waliyopewa darasani: uendelevu, muktadha, utambulisho. Hawakudanganyi. Ila ukiyaandika kama yalivyo, msomaji wako anaondoka mikono mitupu. Mimi huwa nasubiri amalize, kisha nauliza: "Hilo ulimwambiaje fundi?"

Fundi ilibidi aelewe, maana asipoelewa ukuta unakosewa. Kwa hiyo mbunifu yeyote aliyewahi kusimamia kazi anayo tafsiri tayari, tena ya Kiswahili, tena fupi. Aliyesema "jengo linapumua", kwa fundi alisema "kila tofali la tatu acha tundu, na ukuta huu usiupige plasta". Aliyesema "uaminifu wa malighafi", kwa fundi alisema "zege ikitoka kwenye mbao iache hivyohivyo, usiniparazie rangi". Hapo ndipo unaposikia wazo lake. Mara nyingi na yeye mwenyewe anashtuka, anacheka, na kuanzia hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wawili.

Lakini huwezi kuuliza hivyo kama lugha ya fundi huijui. Jamvi, lenta, kenchi (fremu za kubebea paa), timazi, kusuka nondo, kupaua: kaa siku mbili kwenye ujenzi wowote mtaani kwako, hata wa choo cha jirani, uyajue maneno haya yanashika nini. Ukienda Unguja au Lamu ongeza boriti, daka (ukumbi wa mlangoni), zidaka (vishubaka vya ukutani). Nilimsikia kijana mmoja akimuuliza mbunifu anayekarabati nyumba ya Mji Mkongwe kwa nini vyumba ni vyembamba hivyo, kama mapito. Jibu liko kwenye boriti. Dari za zamani zilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko wenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa haufiki mbali. Ndiyo maana upana wa chumba hauzidi sana mita 3, hata nyumba iwe ya tajiri namna gani. Kijana angelijua hilo mapema, angeuliza swali lililofuata, ambalo ndilo tamu: sasa hivi nondo na zege zinaruhusu chumba cha mita 6, mbona wewe umebaki na 3?

Maswali ya vitu yanafika mbali kuliko unavyodhani. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya ubunifu majengo duniani, mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Unaweza kumwandika kwa sifa hizo ukamaliza kurasa tatu bila kusema lolote. Au unaweza kuanza na vyungu. Kwa dari ya maktaba ya shule ya Gando, vyungu vya udongo vilivyofinyangwa na wanawake wa kijijini vilikatwa juu na chini, vikapangwa, zege ikamwagwa kuvizunguka, na matundu yake yakawa ya kuingizia mwanga na kutolea joto. Au anza na paa la bati la shule ya msingi, iliyokamilika 2001: limenyanyuliwa juu ya dari ya tofali kwa kenchi za nondo nyembamba, hewa ya moto inatoka katikati. Mtu yeyote aliyesoma darasa la bati tupu mwezi wa kumi anaelewa hapohapo, na hutahitaji kumwambia kwamba huyu bwana ni hodari.

Wazee msiwaache. Beda Amuli, aliyebuni Soko la Kariakoo, alifariki mwaka 2016, na mimi sikumhoji. Najuta. Paa la soko lile ni miavuli ya zege iliyopinduliwa juu ya nguzo. Maji ya mvua yanakusanyika katikati ya mwavuli na kushuka hadi kwenye tangi chini. Natamani kujua alimwambiaje seremala aliyegonga mbao za kumwagia zege ile, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa umbo linalopinda pande mbili kwa wakati mmoja. Soko lilipoungua Julai 2021, waandishi tulihangaika kutafuta wa kutueleza paa lile lilivyofanyika, na wa kwanza wa kueleza alikuwa ameshatangulia. Mjini kwako yupo mzee aliyechora hospitali au posta, ana michoro yake imekunjwa uvunguni. Nenda na mtu wa familia, mwamkie, kaa, kunywa chai, rudi tena kesho. Siku ya kwanza usitoe kinasa sauti.

Jambo jingine nililijifunza kwa aibu. Niliwahi kuandika kwamba mbunifu fulani "alijenga" ukumbi. Asubuhi injinia wa mradi akanipigia, mtu mzima, hakupandisha sauti: "Mwanangu, zile nguzo nilizipiga hesabu mimi. Na waliozimwaga walikuwa vijana arobaini." Siku hizi, kabla sijamwona mbunifu, nalipiga picha bango la mradi na kusoma majina yote: mteja, mbunifu majengo, mhandisi, mkadiriaji majenzi (mpiga hesabu za gharama), mkandarasi. Mbunifu naandika alibuni. Kisha namuuliza nani alimbishia, na kwenye lipi alishindwa. Wakarimu wanajibu kwa furaha.

Mahojiano yakiisha, rudi pale peke yako, siku nyingine, ukae. Kule shuleni nilirudi Jumamosi, nikamkuta mlinzi na kiti chake cha plastiki. Nilishinda naye hadi jioni. Kiti alikihamisha mara nne: saa mbili kilikuwa chini ya mwembe, saa nne kwenye baraza ya darasa la pili, saa saba kwenye kona ya stoo ambako hakuna aliyepanga mtu akae, kisha nyuma ya matangi, kisha getini. Nilimtumia yule mama ujumbe nikimweleza tu, kama hadithi. Dakika haikupita simu ikaita.

"Ile kona ya stoo," akasema, "alikaa mpaka saa ngapi? Subiri, nichukue kalamu."