Usiniletee nipasue betri ya pikipiki ya umeme

Mwaka jana kijana mmoja wa Igombe aliniletea betri ya lithiamu ya pikipiki ya umeme, iliyochoka. Alitaka niipasue nimtolee seli, yaani vile vibetri vidogo vya ndani, za taa ya kuvulia dagaa. Mimi ni fundi sola hapa Mabatini, Mwanza, taa za mitumbwi ndizo zinazonilisha, nikakubali. Betri ya namna hiyo ikishindwa kazi ya barabarani mara nyingi bado imebaki na asilimia 70 au 80 ya uwezo wake. Kwa mvuvi huo ni mtaji.

Nilikuwa nabandua bati la nikeli linalounganisha seli, kwa bisibisi, ncha ikagusa chanya na hasi kwa pamoja. Pakatoka mlio kama soda inafunguliwa, kisha moshi mweupe unaokaba koo, kisha moto. Tuliisukuma nje kwa koleo tukaifukia mchanga. Nusu saa haijapita, ikawaka tena. Mchanga unafunika tu, haupozi, na seli moja ikishika joto inaiwasha ya jirani. Kilichoumaliza moto ni maji mengi, ndoo baada ya ndoo, nasi tumesimama upepo unakotokea, maana moshi ule una sumu.

Kulipokucha, mabaki tuyapeleke wapi? Mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye betri ya madini ya risasi, kama ya gari, huigombania, hii aliikataa. Msaidizi wangu akasema tutupe mto Mirongo. Ndugu zangu, Mirongo unaishia ziwani, na ziwani ndiko yanakotoka maji ya bomba tunayokunywa.

Sheria tunazo: ya Mazingira ya 2004, na kanuni za 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Ninachokitaka mimi ni kitu kimoja kisimamiwe hadi mtaani: aliyeingiza betri nchini aipokee ikichoka, bila kumdai mwenye pikipiki hata shilingi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya 2023, umewabana wazalishaji hivyo hivyo, na kuanzia Februari 2027 betri za magari na pikipiki za umeme zitakuwa na pasipoti ya kidijitali, yaani kumbukumbu ya mtandaoni ya taarifa za kila betri. Huko wachakataji wa betri zilizochoka wanatakiwa kurejesha nusu ya lithiamu iliyomo ifikapo mwisho wa 2027, na asilimia 80 ifikapo mwisho wa 2031. Huku kwetu lithiamu hiyo hiyo inalala jalalani.

Kwa hiyo kabla hujalipia pikipiki, muulize muuzaji betri ikichoka nani anaichukua, na jibu aliandike kwenye risiti. Akisita, nenda duka lingine. Betri ikivimba, acha kuichaji, ipeleke nje ya nyumba, funika vichwa vyake kwa utepe wa umeme. Na usikubali fundi yeyote aifungue kwa bisibisi, hata akikuapia.

Mteja akija na betri ya kupasua siku hizi, naomba kwanza namba ya aliyemuuzia, tunampigia hapo hapo spika ikiwa wazi. Wauzaji wawili tayari wamekuja kuchukua betri zao.