Iliki ya darini

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Masika imeanza: kiungo gani hakikosekani kwenye birika lako?", nilidhani nitalijibu kwa neno moja. Iliki. Wanaotia tangawizi tupu wakaiita chai ya viungo wanakunywa dawa ya mafua, na wale wa unga wa pakiti, usiojulikana umesagwa lini wala na nini, Mungu awasaidie. Iliki inapondwa na ganda lake, maji yakiwa tayari yanatokota. Ukiiponda asubuhi kwa ajili ya chai ya jioni, harufu imeshakwenda zake.

Nimeandika hivyo, halafu nikamkumbuka bibi mmoja wa njia ya Amani, kule milima ya Usambara, na kalamu ikasita.

Ilikuwa Aprili 1998. Anayeijua njia ya kutoka Muheza kupanda Amani hana haja ya kusimuliwa inavyokuwa wakati wa masika, na mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimeshaichimbachimba tangu vuli. Basi letu lilizama kwenye kona za juu huko, tope hadi nusu ya gurudumu. Utingo akatushusha tusukume. Tulisukuma, viatu vikabaki chini, basi likabaki palepale, mvua ikazidi. Nyumba ilikuwa moja tu karibu, ya udongo, bati lake limeliwa na kutu, na mwenyewe kasimama mlangoni anatutazama huku midomo inacheza. Kumbe anatuhesabu.

"Kumi na mmoja," akasema. "Karibuni ndani, wanangu, ila vikombe ninavyo vinne."

Kuingia tu, harufu ya iliki ikatupokea. Juu ya mafiga, darini, palikuwa na gunia limekaa kwenye moshi. Nikajisemea, leo ndiyo leo, tumefika kwenye chai yenyewe. Bibi akajitanda mfuko wa mbolea kichwani, akatoka mvuani, akarudi na shada la mchaichai na majani mabichi ya mdalasini aliyoyachuma nyuma ya nyumba. Akayakunjakunja kwa mkono mmoja, akayatumbukiza sufuriani pamoja na majani ya chai ya kipakiti kidogo cha dukani. Hapo tupo Amani, ambako Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na kama ukungu usingefunga, huenda mashamba ya chai tungeyaona kutoka mlangoni kwake!

Mimi, kijana wa Tanga mjini, mdomo ukaniwasha. "Bibi, si ungetutilia na iliki? Naisikia inanukia hapo juu."

Hakukasirika. Alichochea moto kwanza. "Ile si ya chai, mwanangu. Ile ni ya ada."

Mjukuu wake alikuwa sekondari, na mnunuzi hapandi mpaka barabara ikauke. Akatueleza, hasa mimi, kwamba iliki ikipata unyevu huota ukungu, na punje zikipasuka bei huanguka, ndiyo maana usiku huamka kutazama moto chini ya gunia. Aliyasema hayo huku anakung'uta kikombe. Watu tulikunywa kwa zamu, wanne wanne, utingo zamu ya mwisho. Zamu yangu ilikuwa ya pili, chai imeshaiva ikawa nyekundu kama udongo wa nje, haina sukari, na pembeni magimbi ya kuchemsha. Majani ya mdalasini hayanukii kama gome lake, yanaelekea zaidi kwenye karafuu. Sikuwa nalijua hilo. Nilikunywa nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza si jambo dogo.

Mvua ilipopungua nikamwomba aniuzie iliki kidogo nimpelekee mama. Akanipimia kwa kikombe kilekile nilichonywea, akakigonga ukingoni ili zishuke vizuri, na hakunipunguzia hata senti. Mama alizitumia mwaka mzima. Mbele ya wageni nilijisifu kwamba hii ni iliki ya Amani, lakini ya ada sikuitaja.

Kwa hiyo mkiniuliza kiungo kisichokosekana, jibu langu la mwanzo lina walakini. Aliyeilima hakuitia. Alitia kile ambacho mnunuzi hakukitaka, na ile chai ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote nilizokunywa zenye iliki. Au labda ni baridi tu na njaa, sikatai. Mtu aliyesukuma basi saa nzima husifu chochote chenye moto.

Nimeinuka sasa hivi kutazama kopo langu jikoni. Punje tano, na hizo nimezitunzia wageni. Birika lililopo motoni, huku nje mvua ikinyesha, lina tangawizi tupu.

Basi andikeni iliki, kama ni lazima kiwe kimoja. Au majani ya mdalasini, kwa mwenye mti wake. Watu wa tangawizi, yale niliyosema hapo juu nayapunguza kidogo, ila iacheni ichemke na maji kwanza ndipo mtie maziwa, maana ikiwa mbichi huyakata. Wa pakiti bado sijawasamehe.