Utajuaje kama wameelewa kwadratiki na eksiponensheli

Dada mwalimu, umeuliza utajuaje kama hao watoto wa fomu tatu wameelewa kwadratiki (namba zinazofuata x mara x) na eksiponensheli (namba zinazozidishwa kwa kiasi kile kile kila hatua) ama wamekariri tu. Mie kwenye tushen (masomo ya ziada) hapa Majengo sianzi na "tafuta x", ile fomula waijua kwa moyo hata wasioelewa kitu. Naandika safu mbili ubaoni, x ikianzia 0: 0, 1, 4, 9, 16 na 1, 2, 4, 8, 16, halafu nauliza kila moja yakua vipi na wajuaje. Aliyeelewa atatoa ya nyuma kwa ya mbele apate 1, 3, 5, 7, aone hizo tofauti zaongezeka 2 kila mara, basi hiyo ndio kwadratiki, na ya pili ataona kila namba ni ile ya nyuma mara 2, hiyo ndio eksiponensheli. Wengi huchanganyikiwa manake zote zafika 16 pamoja, hapo sasa waulize x ikiwa 10 itakuwaje, ni 100 na 1024, utaona macho yanavyofunguka wallahi. Kisha wape mfano wa mpira uliorushwa juu kule ufuoni na shilingi 1,000 za chama zinazozaa riba juu ya riba, waseme ipi ni ipi na kwa nini, kwa mdomo wao. Jibu bila maelezo mie natoa nusu maksi.