Kusaini mzigo ambao haukufika wote

Ndugu katika Kristo, umeuliza ufanye nini iwapo mkuu wako wa kazi anakutaka utie saini kwamba bidhaa zote zimepokelewa, ilhali nusu haijafika, na mkeo anahofia kwamba ukikataa mtakosa riziki. Kwa maoni yangu, usisaini. Lakini namna ya kukataa ina uzito wake. Danieli, katika sura ya 1 ya kitabu chake, hakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme; hata hivyo hakumkaripia msimamizi aliyewekwa juu yake na wenzake watatu, bali aliomba kwa upole wajaribiwe kwa siku 10 wakila mboga na kunywa maji, akampa mtu yule nafasi ya kukubali bila kuhatarisha maisha yake. Nawe pendekeza kusaini kiasi kilichofika kweli, na salio lisainiwe litakapopokelewa, kisha utunze nakala. (Mahubiri ofisini hayahitajiki.)

Kuhusu mkeo, nisingeharakisha kuiita hofu yake upungufu wa imani, kwa kuwa yeye ndiye atakayebeba matokeo pamoja nawe. Ketini, mhesabu akiba mliyo nayo, mwombe, na umweleze nia yako kabla hujamjibu mkuu wako. Pendekezo hilo likikataliwa, lifikishe suala kwa maandishi kwa mkaguzi wa ndani au kwa ngazi ya juu.