Cheti cha Ujerumani hakihitaji apostili Italia

Dada, umeuliza kama cheti cha kuzaliwa cha mwanao, aliyezaliwa Ujerumani, lazima kigongwe apostili, yaani mhuri wa kuthibitisha hati ili itumike nchi nyingine, kabla hujakipeleka manispaa huko Italia. Hapana. Mhuri huo ulifutwa kati ya nchi za Umoja wa Ulaya tangu 16 Februari 2019, kwa Kanuni ya 2016/1191. Vyeti vya ndoa, vifo, ukaazi na vya kutokuwa na rekodi ya uhalifu navyo vimo.

Kabla hujaondoka, rudi Standesamt, ofisi iliyotoa cheti, uombe ile fomu ya lugha nyingi, toleo la Kiitaliano. Inaambatanishwa na cheti: jina, tarehe, mahali, kila kipengele kimeandikwa kwa lugha zote mbili, hivyo kwa kawaida hutahitaji mtafsiri. Ada yake hairuhusiwi kuzidi gharama ya kuitengeneza. Mimi sikuijua, nikamlipa mtafsiri bure kabisa. Makarani wakikitilia shaka cheti, wanaulizana wenyewe kwa IMI, mfumo wa mtandaoni wa ofisi za nchi za Umoja, si wewe wa kukimbizwa huku na huko.

Ila usichanganye: kanuni inahusu tu uhalisi wa cheti, kwamba si cha kughushi; haiwalazimishi kukubali kila matokeo yake kisheria. Na cheti chako mwenyewe cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa kuwa kimetoka Tanzania, hakimo kabisa humo. Hicho kinafuata njia ndefu ya kuthibitishwa. Kianze mapema. Uingereza nayo haimo tena, baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya.