Ploti ya Mawe: Usiilime Yote, Chimba Mashimo

Mtu wa Karen au wa mji wa Kikuyu, magharibi mwa Nairobi, hawezi kuelewa tunayozungumza hapa. Upande ule udongo mwekundu unashuka chini mno kabla jembe halijagonga kitu. Sisi tulionunua mashariki mwa Nairobi, Njiru, Ruai, Utawala, tuna udongo mweusi, mahali pengine wa kufika goti, mahali pengine wa kufunika kidole tu, kisha jiwe. Si bure kwamba Njiru kuna machimbo ya mawe ya kujengea.

Jirani wengi wakihamia, kitu cha kwanza ni kuita vijana wenye sululu watoe mawe yote. Pesa zinaisha, mawe hayaishi. Mimi nasema hivi: ploti nzima usiiguse. Chagua sehemu chache, uziandae vizuri sana, na kwingine kuote nyasi.

Lakini kabla ya kuchimba, pima. Chukua mtaimbo, uudunge ardhini kila baada ya hatua mbili hivi, wakati udongo una unyevu kidogo. Ukigonga jiwe hapa, ukasogea kidogo na mtaimbo ukazama, hayo ni mawe yaliyotapakaa na kazi yako ni rahisi. Ukigonga kila mahali kwa kina kilekile, huo ni mwamba na hauondoki. Aina ya tatu hailetwi na Mungu bali na mjengo: vipande vya zege, kokoto na lipu ambavyo fundi alifukia nyuma ya nyumba akakwambia kazi imeisha. Dondoshea siki kidogo juu ya kile kinachokutia shaka. Kikitoa povu, kina chokaa, na udongo wa hapo huenda ukafanya majani ya mimea yawe manjano hata ukimwaga mbolea namna gani. Takataka hizo zitoe zote. Hapo tu ndipo nakubali gharama ya vijana.

Kwa mawe yaliyotapakaa, njia ninayoiamini ni ya tumbukiza. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaijua sana kwa kupanda nyasi za nepia: shimo la duara la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Chimba pale mtaimbo ulipozama. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine, mawe upande wa tatu. Mawe madogo kuliko ngumi usihangaike nayo, hayazuii mzizi wa sukuma wiki. Kisha jaribu maji: mwaga ndoo mbili tatu jioni, uangalie asubuhi. Maji yakiwa yameondoka, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, debe kwa debe, urudishe, ukiacha nafasi ya sentimita 15 juu ili maji ya kumwagilia yasitoroke. Shimo moja linabeba miche minne ya sukuma wiki. Maji yakiwa bado yametulia pale pale, usiache nafasi hiyo. Jaza hadi upate kichuguu, la sivyo mvua ya Aprili itaozesha mizizi. Udongo mweusi ukishiba maji hauyaachii.

Samadi ya mbuzi inayoletwa kutoka Kajiado ni nzuri, ila inunue mapema, Julai au Agosti, uilowanishe na kuifunika. Ikifika mvua za vuli za Oktoba itakuwa imepoa. Mbichi inaunguza miche.

Kwenye mwamba, inua tuta juu ya ardhi badala ya kuchimba chini. Yale mawe uliyotoa yapange bila saruji, ukuta ulale kidogo kwa ndani, kimo cha sentimita 30 kwa mboga za majani na 45 kwa nyanya. Ukuta wa mawe makavu unapitisha maji, na hilo ndilo unalotaka. Miche iwe shibiri moja kutoka ukingoni, maana jua la Januari na Februari linapasha mawe moto. Na konokono watakuja kuishi humo. Toka usiku na tochi.

Udongo wa kujaza ndani ya ukuta huo ndipo watu wanapoibiwa. Lori linakuja na udongo mwekundu unaopendeza macho, kumbe umechimbwa chini kabisa kwenye msingi wa ghorofa na hauna uhai wowote. Uliza umetoka wapi. Kama ni mwingi na pesa ni nyingi, peleka sampuli maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete, wanapima.

Asiye na ukuta atumie gunia, kama wanavyofanya Kibera. Mkebe usio na kitako unasimamishwa katikati na kujazwa kokoto, udongo wenye samadi unajazwa kuuzunguka, mkebe unavutwa juu na kujazwa tena, hadi nguzo ya kokoto ifike juu. Maji yanapita humo yakafika hadi chini. Kwa siku za mgao wa maji, tandaza mawe bapa juu ya udongo pia, yanapunguza unyevu unaopotea.

Cha kupanda: sukuma wiki, managu, terere, kunde, dhania. Malenge yapande kwenye shimo moja, uyaache yatambae juu ya mawe yenyewe. Karoti zitatoka na miguu miwili, achana nazo. Rozimari na mshubiri havihitaji hata samadi.

Kuhusu miti, mparachichi unataka udongo wenye kina usiotuamisha maji. Kama lazima uwe nao, omba kona kwa wakwe zako Kikuyu. Mpera na mkomamanga huvumilia zaidi. Tafuta ufa kwenye mwamba ambapo mtaimbo unazama, upanue kwa sululu, upande hapo mvua za vuli zinapoanza.